Mtoto wa Kilo Mbili Pointi Saba

Nina bahasha ya khaki ambayo imehama nami nyumba nne. Ndani mna kadi ya kliniki ya Tanga ya 2014, imekunjwa mara nne na pembeni ina doa la mafuta ya nazi. Mna pia karatasi kumi na mbili zilizobanwa pini, za hospitali moja nje kidogo ya Chicago, za 2019. Kwenye kadi, mahali pa uzito wa mtoto, mkunga ameandika 2.7 kwa kalamu ya bluu, na ile saba ameipiga kistari tumboni kama tulivyofundishwa shule. Kwenye karatasi za Chicago imechapwa: gramu 3,230. Mama ni yuleyule na baba ni yuleyule. Kama uzito wa mtoto ni mambo ya kabila, basi kati ya 2014 na 2019 mimi nilihama kabila bila kuagwa.

Siku ya ile 2.7, bibi yangu mzaa mama alikaa ukingoni mwa kitanda cha wodi, akamfunua kitukuu wake, akamkagua miguu, akatoa hukumu: "Wasambaa ndivyo walivyo. Wadogo, lakini wagumu." Mama mkwe wangu, Mchaga, alikuwa ameingia asubuhi ile na basi, na chupa ya mtori mkononi. "Kwetu mtoto anaanzia kilo tatu na nusu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na dirisha. Bibi naye akalijibu dirisha hilohilo kwamba kuzaa tembo si sifa. Mimi nilikuwa katikati, mtori huku, uji wa pilipili manga huku, nikinywa vyote viwili maana njaa ya mzazi haichagui ukoo.

Nikaamini. Kwa miaka kadhaa mtu akiniuliza mbona mtoto alizaliwa mdogo, nilijibu "sisi Wasambaa" na mazungumzo yakaishia hapo. Jibu hilo ni tamu kwa sababu halimgusi mtu yeyote. Si mama, si nesi, si mbu.

Kliniki niliyohudhuria ilikuwa na mizani ya kusimama barazani, karibu na mlango wa maabara. Ukifika asubuhi unaweka kadi yako mezani, inalala juu ya za waliokutangulia, kisha mtu anakuja kuzipindua zote ili wa kwanza abaki wa kwanza, na siku asipokuja ndiyo siku ya ugomvi. Nesi alikuwa na maneno yake ambayo mpaka leo nayasikia usingizini: "Vua ndala, mama. Weka simu. Pochi mpe mwenzio." Siku moja mbele yangu alipanda mama wa Kimasai, mkazi wa pande za Handeni, amevaa shanga shingoni na vikuku mpaka karibu na kiwiko. Nesi akamtazama juu mpaka chini. "Na hivi nitoe kilo ngapi?" Mama yule akacheka. "Toa nusu, sista. Nusu nyingine ni yangu."

Halafu zamu yangu. Ilikuwa mwezi wa sita wa mimba na mshale ulikuwa umesogea nusu kilo tu tangu safari iliyopita. Nesi akaangalia kadi, akaniangalia mimi.

"Kabila gani, mama?"

"Msambaa."

"Aa. Basi sawa."

Akaandika, akaita mwingine. Simlaumu sana, alikuwa peke yake na baraza lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi. Ila kama angeniuliza swali lingine lolote badala ya lile, ningemwambia kwamba ndani ya mwezi huo nilikuwa nimelala na malaria siku tisa, na kwamba kwa siku hizo tisa kilichokaa tumboni ni maji ya ndimu na uji mwepesi. Hakuuliza, na mimi sikudhani ni jambo la kusema. Malaria pwani nani anaihesabu?

Ilikuwa mimba ya kwanza, na nilianza kliniki mwezi wa tano, kwa kuwa kwetu mimba haitangazwi ikiwa changa. Kwa hiyo dozi za SP, vidonge vya kumkinga mjamzito na malaria, nilizopata zilikuwa mbili tu, wakati Shirika la Afya Duniani tangu 2012 linataka zianze mapema kwenye miezi mitatu ya pili, zipishane mwezi, zifike angalau tatu. Sababu yake ni hii. Vimelea vya malaria vina tabia ya kung'ang'ania kwenye kondo la nyuma, pale hasa damu ya mama inapomkabidhi mtoto chakula chake. Mama anaweza asiwe na homa kali, akawa anatembea, anafua, anakwenda sokoni, huku mlango wa ghala la mtoto umebanwa. Na mimba ya kwanza ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu mwili bado haujawahi kukutana na aina hiyo ya vimelea wanaopenda kondo. Mimba zinazofuata huwa umeshajifunza kupigana nao. Mimba ya kwanza, pwani, masika: mbu hakuhitaji kuniuliza kabila.

Nilianza na kilo 51 nikaingia leba na 58. Kilo saba. Nilikuja kujua baadaye hesabu ya hizo kilo zinavyogawanywa, na ikanikaa kichwani kama hesabu ya duka. Kuna mahesabu ya zamani yanayomchukulia mwanamke aliyeongeza kilo 12.5: mtoto 3.4, kondo la nyuma karibu 0.65, maji ya chupa ya uzazi 0.8, mji wa mimba uliotanuka karibu kilo moja, matiti 0.4, damu ya ziada karibu kilo moja na nusu, maji mengine ya mwilini karibu moja na nusu tena. Kinachobaki, kilo tatu na kitu, ni mafuta, akiba ambayo mwili unaiweka kwa ajili ya kunyonyesha. Sasa chukua saba zangu. Toa mtoto 2.7, toa kondo, toa maji, toa damu, toa mji wa mimba. Akiba haikuwepo. Nilikuwa mfanyabiashara anayekula mtaji, na miezi ya kunyonyesha nilikonda mpaka shangazi akaniuliza kama ndoa ina amani.

Nikadhani basi hizo saba ndizo za Kisambaa. Lakini mwaka 2020 yalitoka makadirio ya kilo wanazoongeza wajawazito wa nchi za kipato cha chini na cha kati, na wastani wa nchi zilizo kusini mwa Sahara ulikuwa chini ya kilo saba, wakati Amerika ya Kusini na jirani zake walikaribia 12. Kumbe mimi nilikuwa mwanamke wa kawaida kabisa wa nusu ya bara. Wote hao Wasambaa?

Yule mama wa vikuku tulikuja kuzoeana, maana tarehe zetu za kliniki zilifanana. Alinieleza kwamba mama mkwe wake alikuwa ameshaanza kumpunguzia maziwa na nyama, na kwamba kadiri siku zitakavyokaribia atakula kidogo zaidi. Nilishangaa. Mimi nyumbani nilikuwa nalazimishwa kula kwa ajili ya wawili, ingawa nikila nilitapika. Akanijibu kwa utulivu: "Mtoto atanenepea nje. Ndani apite kwanza."

Nilicheka wakati ule, na leo naona aibu kidogo. Fikiria unaishi mahali ambapo chumba cha upasuaji kiko mwendo wa nusu siku, na gari halipo, na ikiwa mvua imenyesha hata pikipiki haipiti. Mtoto wa kilo nne aliyekwama njiani ni vifo viwili. Mtoto wa kilo mbili na nusu anayepita ni mtoto mdogo, basi. Wazee waliopanga hivyo walikuwa wanapima umbali wa hospitali, na kipimo chao walikiweka kwenye kibuyu cha maziwa. Tusiwacheke peke yao: katikati ya karne iliyopita madaktari wa Marekani nao waliwabana wajawazito wasizidi kilo tisa hivi, kwa kuogopa kifafa cha mimba na uzazi mgumu. Tofauti ni kwamba wao walivaa koti jeupe. Na mzigo wa hesabu hiyo, kote kote, huangukia kwa mtoto, kwa sababu anayezaliwa chini ya gramu 2,500 anaingia duniani na mlango wazi kwa baridi, maambukizi na kukosa nguvu ya kunyonya.

Mama mkwe wangu alikuwa na hofu ya aina hiyohiyo, ila yeye aliipeleka kwa mwanawe. Mume wangu ni mrefu, mita moja na sentimita 85. Mimi sentimita 153 na viatu vikiwa mlangoni. "Utabebaje mtoto wa huyu?" aliniuliza kabla hata mahari haijakamilika. Jibu lake lilishapatikana Cambridge mwaka 1938, kwa farasi. Walton na Hammond walichanganya farasi wakubwa wa Shire na wale vibeti wa Shetland, njia zote mbili: dume kubwa kwa jike dogo, dume dogo kwa jike kubwa. Damu ya watoto ilikuwa nusu kwa nusu pande zote, lakini aliyebebwa na jike dogo alizaliwa mdogo, aliyebebwa na jike kubwa alizaliwa mkubwa. Tumbo la mama ndilo lililoweka mpaka. Nimewahi kumsimulia mama mkwe habari hii. Kulinganishwa na farasi hakukumfurahisha, ila alitulia.

Kwa hiyo sisemi kwamba hakuna kinachorithiwa. Ufupi wangu nimeutoa mahali. Lakini hata ufupi una sehemu ya damu na sehemu ya sufuria: kimo cha mama kinajengwa na alichokula akiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu, na magonjwa aliyougua, na mama yake alikuwa na hali gani akimbeba. Ukimpima mtoto mchanga unapima pia utoto wa mama yake. Hilo linaweza kuonekana kama linarithiwa kwa kabila, kumbe linarithiwa kwa kijiji, kwa shamba, kwa kisima.

Na likitiwa mkono, linasogea. Mfano ninaoupenda ni wa Gambia, vijiji vya West Kiang, kwa sababu dawa yao ilikuwa ni kama kashata. Huko kuna miezi ya njaa, Juni mpaka Oktoba, chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu bado kiko shambani, na kazi ya jembe ndipo inapokuwa nzito. Watafiti waliwapa wajawazito biskuti za karanga zenye nguvu, kila siku. Matokeo yalichapishwa 1997: watoto waliozaliwa katika miezi ya njaa waliongezeka wastani wa gramu 201, wa msimu wa mavuno gramu 94. Kabila ni lilelile, kijiji kilekile. Kama udogo wao ungekuwa wa asili tu, biskuti isingepata pa kushika, na wala isingeshika zaidi mwezi wa njaa kuliko mwezi wa shibe.

Nyumbani kwetu pia mfano upo, wa Dar es Salaam, uliochapishwa 2007. Wanawake 8,468 wasio na virusi vya Ukimwi, nusu wakapewa vidonge vya vitamini mbalimbali, nusu vidonge tupu, na wote wakiendelea na madini ya chuma na foliki. Waliozaa watoto chini ya kilo 2.5 walishuka kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8, na wastani wa uzito ukapanda gramu 67. Gramu 67 unaweza kusema si kitu, ni kama yai moja la kuku wa kisasa. Lakini yai hilo limewekwa kwenye kila mtoto, na wale waliokuwa ukingoni ndio liliowavusha.

Tukahamia Marekani 2016 kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na mwishoni mwa 2018 nikabeba tena. Siku ya kwanza hospitali nilipewa fomu, na kwenye fomu kuna visanduku. Msambaa hayumo. Kuna kisanduku kimoja, cha Mweusi au Mmarekani Mweusi, nikatia tiki, na kwa tiki hiyo nikawekwa chungu kimoja na binti wa Mississippi, Mnigeria, Mhaiti na Msomali. Tanga kabila langu lilikuwa dogo mno kueleza kitu. Huku likawa kubwa mno.

Nesi wa huku alinipima kimo na uzito, akagawa, akaniambia kwa upole kwamba nimezidi kidogo. Nilikuwa na kilo 61. Nilimpigia bibi simu ya video nikamweleza kwamba Wamarekani wamesema nimenenepa. Bibi alisogeza uso kwenye kamera mpaka nikaona pua tu. "Wapi?" akauliza.

Mwongozo wao ni wa 2009, uliotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani, na unakwenda kwa uwiano wa uzito na kimo kabla ya mimba. Mwembamba aongeze kilo 12.5 mpaka 18, wa wastani 11.5 mpaka 16, aliyezidi kidogo 7 mpaka 11.5, mnene kabisa 5 mpaka 9. Kabila haimo. Lakini mwongozo uliotangulia, wa 1990, ulikuwa na nyongeza: wanawake weusi wajitahidi kufika upande wa juu wa kipimo chao, na wanawake wafupi, chini ya sentimita 157, wabaki upande wa chini. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mimi ni mweusi na ni mfupi. Kwa mwongozo wa 1990 ningetakiwa kupanda na kushuka kwa wakati mmoja, kama lifti iliyoharibika. Mwaka 2009 wakaziondoa zote mbili kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Na mwongozo wenyewe unafuatwa kwa shida. Uchambuzi wa 2017, wa mimba zaidi ya milioni moja na laki tatu, ulikuta walioongezeka ndani ya kipimo ni wachache kuliko waliozidi. Waliozidi walikuwa asilimia 47. Mimi niliongeza 11. Wala sikujitahidi. Sikubeba maji, sikuugua malaria, nilisafiri kwa gari, na kulikuwa na duka la Wasomali hatua chache kutoka nyumbani lililouza sambusa. Mtoto akazaliwa na 3,230. Najua pia kwamba mimba ya pili kwa kawaida hutoa mtoto mzito kidogo kuliko ya kwanza, kwa hiyo siwapi sambusa sifa zote.

Wataalamu wenyewe hawajamaliza ugomvi wao. Mwaka 2014 ulitoka mradi mkubwa ulioongozwa na Oxford, INTERGROWTH-21st, uliofuatilia wajawazito wa miji minane: Pelotas, Beijing, Nagpur, Turin, Nairobi, Muscat, Oxford na Seattle. Nairobi walichukua wa mtaa wa Parklands. Nilipoona Parklands na Muscat kwenye orodha moja nikafurahi, maana mama wa huku na mama wa kule wangeweza kabisa kusalimiana kwa Kiswahili kwenye baraza la kusubiri. Walichagua akina mama wenye afya, wanaokula vizuri, wanaohudhuria kliniki mapema. Wakapima urefu wa mtoto na mzingo wa kichwa. Tofauti kati ya mji na mji zilieleza chini ya asilimia 4 ya tofauti zote. Zilizobaki zilikuwa ndani ya mji uleule. Na kwa wale wenye uzito wa wastani, kilo walizoongeza mpaka wiki ya 40 zilikuwa wastani wa 13.7.

Hapo ungedhani kesi imekwisha. Lakini mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likatoa chati zake kutoka nchi kumi, Kongo ya Kinshasa ikiwemo, nalo pia lilichagua mama wenye afya, na likakuta ukuaji wa mimba unatofautiana nchi na nchi. Miaka miwili kabla, utafiti wa Marekani ulikadiria kwamba mtoto wa mama mweupe kwenye wiki ya 39 kwa kawaida ana karibu kilo tatu na nusu, na wa mama mweusi karibu 3.26.

Mimi si daktari, ila nimezaa kwenye mizani mbili, nami nina maoni. Mifupa na nyama si kitu kimoja. Hao waliopima urefu na kichwa na hawa waliokadiria uzito hawakupima jambo lilelile. Ukiwa na chati moja kwa dunia nzima, kuna mtoto mdogo mwenye afya atakayeitwa mgonjwa na mama yake akasumbuliwa bure. Ukimpa kila kabila chati yake, kuna mtoto aliyebanwa tumboni atakayepimwa kwa chati ya waliobanwa wenzake, na ataonekana yuko sawa. Makosa yote mawili yapo. La pili ndilo linaloniogopesha, kwa kuwa nililisikia kwa masikio yangu kwenye baraza la Tanga. Linaitwa "basi sawa".

Halafu kilo yenyewe ina siri zake. Huko Pune, India, watoto wa vijijini walizaliwa na wastani wa kilo 2.7, uzito uleule wa mwanangu, na Southampton, Uingereza, wastani ulikuwa 3.5. Walipowapima ngozi kwa koleo maalumu, walikuta wa Pune wamepungukiwa misuli na tumbo, lakini mafuta chini ya ngozi yamebaki karibu kama ya Waingereza. Mtoto mwembamba mwenye mafuta. Dk. Yajnik wa Pune alilihusisha hilo na kisukari kinachowapata baadaye hata watu wasionenepa. Kwa hiyo 2.7 ya njaa, 2.7 ya malaria na 2.7 ya mama mfupi aliyeshiba ni namba moja na watoto watatu.

Sasa nije kwa jirani yangu. Tulikuwa jengo moja, ghorofa juu ya ghorofa, mimba zetu zimepishana wiki tano. Ni Mmarekani mweusi, mhasibu, mtu wa kuamka alfajiri na kutembea maili mbili. Alikuwa na bima nzuri kuliko yangu, alikula mboga ambazo majina yake sikuyajua, na kila kilo aliiandika kwenye simu. Alijifungua wiki ya 35, mtoto wa kilo mbili na kitu kidogo, njiti, akakaa kwenye kiota cha kioo siku kumi na tisa. Alipouliza kwa nini, aliambiwa kwamba kwa wanawake weusi hilo hutokea mara nyingi. Aliponisimulia nilikuwa nakoroga chai, nikaacha kijiko humo. Lilikuwa "basi sawa" lingine, kwa Kiingereza kizuri.

Ndipo nikakutana na utafiti unaotuhusu sisi wawili kana kwamba ulifanywa ghorofani kwetu. Richard David na James Collins walichukua vizazi vya jimbo hilihili la Illinois, 1980 mpaka 1995, wakachapisha 1997. Waliwagawa akina mama makundi matatu: weupe waliozaliwa Marekani, weusi waliozaliwa Marekani, na weusi waliozaliwa Afrika. Kama uzito mdogo ungekuwa kwenye damu ya Kiafrika, sisi tuliotoka Afrika ndio tungekuwa na watoto wadogo kuliko wote, kwa kuwa weusi wa Marekani wengi wana mchanganyiko wa Ulaya. Wastani ukawa: weupe gramu 3,446; Waafrika wahamiaji 3,333; weusi wazawa wa Marekani 3,089. Sisi tulisimama karibu na weupe. Hata walipobakiza wenye elimu, walioolewa na walioanza kliniki mapema, yaani akina jirani yangu, pengo la wazawa halikuziba.

Rangi moja, kisanduku kimoja, gramu 244 katikati. Watafiti wengi wanaelekeza kidole kwenye maisha yenyewe: kukua mtaa uliotengwa, kuangaliwa dukani, kubishana na kila dirisha la ofisi tangu utotoni, mwili ukikaa macho miaka thelathini kabla ya mimba kuingia. Jirani yangu nilipomsomea namba hizo alinyamaza, kisha akasema hilo angeweza kuwaambia bila kuhesabu mtu.

Collins na wenzake hawakuishia hapo. Mwaka 2002 walitoa habari za mabinti. Wajukuu wa wahamiaji weupe kutoka Ulaya walizaliwa wazito kuliko mama zao, kama unavyotegemea familia ikishastawi. Kwa mabinti wa wahamiaji weusi, waliozaliwa na kukulia Marekani, mshale ulirudi nyuma: watoto wao walisogea kuelekea uzito wa weusi wazawa. Kizazi kimoja tu.

Binti yangu alikuwa na miezi minne nilipolisoma hilo, amelala kifuani, mzito, anakoroma.

Mwaka 2023 tulirudi Tanga likizo. Yule wa 2.7 ana miaka tisa, miguu yote ni ya baba yake, mama mkwe anamwita tembo wangu na bibi anajifanya hasikii. Bibi macho yamepungua, ila mikono bado. Alimpakata dada mtu, akampandisha kidogo na kumshusha mara mbili, kama anavyopima mchele bila mizani.

"Huyu mzito," akasema. "Unamlisha nini huko?"

"Wali tu, bibi. Na maziwa ya dukani."

Akamshika kifundo cha mguu, akakizungushia vidole.

"Na huyu naye atazalia huku au huko?"

"Bibi, ana miaka minne."

"Nimeuliza tu."